Miaka Thelathini na Mmoja Chini ya "Mengineyo"

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, karani mkuu wa takwimu za samaki katika idara yetu anarudisha funguo za chumba namba sita na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa ameniomba nisizisahau. Anasema nazo alizifanyia kazi kama nyingine.

Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Rula. Jina hilo alipewa na wavuvi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ule ubao wake wa kupimia samaki, wenye alama za sentimita ambazo huzichonga upya kwa kisu kila zinapofutika. Mkewe naye anamwita hivyo hivyo. Ubao umekwenda naye harusini, umekwenda naye msibani, na siku alipozaliwa binti yake wa pili aliingia nao mpaka wodi ya wazazi. Muuguzi wa zamu alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "Baba, hicho kiache nje. Huku tunapima kwa kilo."

Aliajiriwa kama kibarua wa kuosha mizani kwenye banda la kupokelea samaki. Baba yake alikuwa mvuvi wa nyavu, kwa hiyo samaki aliwajua kabla hajajua kusoma. Baada ya mwaka mmoja akapewa kalamu, akawa karani, na hiyo kalamu ndiyo anayoiweka mezani leo.

Nimeombwa niandike kwa furaha, kwa kuwa hii ni programu ya sherehe. Nitajaribu. Lakini mtu huyu nimekaa naye chumba kimoja miaka minne, amenishikia zamu mtoto wangu alipougua bila kunihesabia wema wake, na sitaandika kana kwamba aliyofanyiwa hayakutokea.

Idara yetu huhesabu samaki kwenye mizani. Anayepita kwenye mizani anaandikwa, asiyepita hayupo. Wenye meli wanaandikwa, wenye boti ndogo wanaandikwa, wachuuzi nao wanaandikwa, maana wote wanauza. Sasa kuna watu wanaovua kwa ndoano pale kwenye ukuta wa mawe unaokinga bandari. Hawauzi. Ni kinyozi, ni mwalimu, ni fundi viatu, ni mtu aliyetoka kazini akataka kupumua. Samaki wao huingia kwenye ndoo kwenda nyumbani, au hurudi majini wakiwa hai. Hawaioni mizani kabisa.

Katika mwaka wake wa pili Rula alimwuliza mkuu wa kitengo wa wakati huo watu wa Ukutani waandikwe wapi. Akajibiwa, "Wale wanacheza tu. Waandike popote." Popote penyewe palikuwa mstari mmoja chini kabisa ya fomu, unaoitwa "Mengineyo", ambako makarani wengine huandika kwamba mvua ilinyesha au kwamba mizani imeharibika. Rula akaanza kuandika hapo kwa herufi ndogo kama za maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Mstari ukijaa, aligeuza karatasi.

Alikwenda Ukutani mara tatu kwa wiki. Hakuhesabu watu, alihesabu fimbo. Kwake yeye, fimbo ambayo uzi wake uko majini ndiyo mvuvi; aliyekaa tu ni mpunga upepo. Aliuliza maswali matatu: umepata nini, umerudisha nini, umeanza saa ngapi. Kisha alilaza samaki kwenye ubao. Samaki wa kusimuliwa hakumwandika. Alitufundisha kwamba mvuvi akipanua mikono, upunguze nusu. Akianza kuapa, funga daftari uende kwa mwingine.

Wapo wanaodai kwamba aliwapendelea. Hao waulizeni habari za kinyozi. Mwaka mmoja takwimu za Rula zilionyesha kwamba watu wa Ukutani walikuwa wanachukua chewa wadogo kupita kiasi, na aliandika hivyo hivyo, akawasomea palepale juu ya mawe. Kinyozi alikasirika. Siku Rula alipoingia kwenye kibanda chake kunyolewa, alioneshwa mlango: "Kwangu hakuna kiti. Kanyolewe na rula yako." Kwa miezi minane alinyolewa na mkewe, na anayetaka ushahidi aangalie picha kwenye kitambulisho chake cha kazi, maana ndiyo waliyopiga wakati huo. Kichwa kinafanana na shamba lililopitiwa na mbuzi.

Lakini kinyozi huyo huyo ndiye aliyekuja baadaye kusimama mbele ya wenzake na kusema chewa aliye chini ya sentimita arobaini arudishwe. Wakakubaliana wenyewe, bila amri ya mtu, wakamwomba Rula awachoree mstari mwekundu kwenye jiwe la kwanza ili kila mtu apimie. Baada ya miaka minne chewa wakubwa walirudi. Nani aliandika hilo kwenye taarifa ya idara? Hakuna. Lilibaki kwenye "Mengineyo".

Haya yangetosha kumpa mtu nishani na tukapiga makofi tukaenda kula. Sasa nifike kwenye mwaka jana.

Mwaka jana samaki aina ya changu walipungua, na Kamati ya Usimamizi wa Uvuvi ikatakiwa iamue nani apunguze kuvua. Kamati hiyo ina viti kumi na kimoja vyenye kura. Wenye meli wana vitatu, boti ndogo viwili, wachuuzi viwili, wataalamu viwili, hoteli kimoja, bandari kimoja. Watu wa Ukutani hawana hata kimoja, kwa sababu, tuliambiwa, hakuna takwimu zinazoonyesha kwamba ni wavuvi.

Ilipofika zamu ya kutafuta mwenye makosa, takwimu zikapatikana kwa asubuhi moja tu. Makao makuu walituma watu siku ya mapumziko ya taifa, siku ambayo mji mzima huenda kupunga upepo. Wakasimama kwenye lango la Ukuta na vile vimashine vya kubonyeza, wakahesabu kila aliyeingia. Wachumba waliokwenda kupiga picha walihesabiwa. Muuza barafu alihesabiwa, na aliporudi kuchukua barafu nyingine alihesabiwa tena. Nilikuwapo na mwanangu mgongoni, na nilipopita nilisikia kimashine kikilia mara mbili. Wakapata watu mia tatu na kumi na wawili. Wakachukulia kwamba kila mmoja anavua changu watano, wakazidisha kwa siku zote za mwaka, zikiwemo za dhoruba. Jibu likawa changu laki tano na sitini na tisa elfu. Yaani mwanangu, aliyekuwa na miezi saba na jino moja, ameandikwa serikalini kwamba huvua changu watano kila siku.

Rula hakucheka. Alikaa chini akapiga hesabu yake: fimbo arobaini na moja kwa siku, samaki mmoja na nusu kwa fimbo, siku mia mbili na hamsini ambazo bahari inaruhusu. Haifiki hata elfu kumi na sita, na hao ni samaki wa kila aina, si changu peke yao. Kosa la makao makuu lilizidi mara thelathini na saba. Na kwa kosa hilo kukaandikwa pendekezo: Ukuta ufungwe kwa wenye ndoano, miezi kumi katika kumi na miwili.

Mwezi Machi kamati ilikaa. Rula alipanda ngazi na masanduku sita ya fomu, moja moja, kwa magoti yale yanayouma, ambayo mkewe huyakanda usiku. Alipangiwa kiti cha ukutani, nyuma ya mlango, akaambiwa ataongea akiulizwa. Hakuulizwa. Pendekezo liliposomwa, mwenyekiti alisema, "Hawa ni watu wa burudani. Wakikosa Ukuta watatafuta mchezo mwingine." Hapo Rula akasimama bila kupewa nafasi. Alisema, "Mheshimiwa, kule kuna mama alikuwa muuguzi miaka thelathini. Tangu amzike mumewe haongei na mtu nyumbani, anakuja kuongea Ukutani. Mwambie yeye atafute mchezo mwingine, mimi nitakuonyesha anapokaa."

Ni yule yule muuguzi wa wodi ya wazazi. Siku hizi ana fimbo yake na kiti cha kukunja cha bluu, na nusu ya samaki anaopata huwarudisha akiwaambia wakue kwanza.

Mwenyekiti alisema, "Mzee, hilo tumelipokea," na wakaendelea na ajenda iliyofuata. Masanduku sita yalishuka ngazi kama yalivyopanda, hayajafunguliwa. Jumatatu yake Rula alipewa barua ya kujieleza kwa kuzungumza kikaoni bila idhini. Barua ya kwanza ya aina hiyo katika miaka thelathini na mmoja. Najua iliandikwa nini kwa sababu niliambiwa niichape mimi, na niliichapa, nina mtoto wa kulisha. Nilipompa aliisoma, akachukua kalamu akarekebisha tarehe niliyokosea, akanirudishia nichape upya.

Nimekasirika tangu siku ile na sijaacha. Sijakasirishwa na wenye meli. Wana kazi yao na wana watoto kama mimi. Wala Rula hakuwahi kusema watu wa Ukutani wasiguswe. Changu wakipungua, wote wapunguze, na wa Ukutani wapunguze fungu lao. Kinachoniuma ni kwamba siku ya kugawa viti wanaitwa wachezaji, siku ya kugawa lawama wanaitwa wavuvi. Mtu akikunyima sauti kwa sababu hujaandikwa, halafu akakuhukumu kwa hesabu aliyoibuni mwenyewe, hapo hakuna usimamizi wa bahari. Huo ni uonevu uliopigwa muhuri.

Sasa kikao cha kuamua pendekezo hilo kimewekwa tarehe 14 Julai. Watu wa Ukutani wameunda chama, wanachama mia moja na themanini na wanne, na wameomba kiti kimoja tu. Wamejibiwa kwa barua kwamba watapewa nafasi ya "mwalikwa, bila kura". Mkuu wetu wa kitengo alituambia, tukinywa chai, kwamba washukuru hata kwa hicho. Kwa heshima zote, mkuu, mtu anayealikwa kutazama wenzake wakiamua mambo yake hajapewa kitu cha kushukuru. Tusimfundishe mtu mzima kusema asante kwa kunyimwa.

Wiki iliyopita chama kilichagua atakayekaa kwenye nafasi hiyo. Mtumishi wa idara haruhusiwi kuwakilisha upande wowote, lakini kuanzia Jumamosi tarehe 1 Julai Rula si mtumishi tena. Ni raia mwenye fimbo. Kinyozi ndiye aliyempendekeza, na muuguzi akaunga mkono akiwa amekaa kwenye kiti chake cha bluu, hakuona sababu ya kusimama.

Mgeni rasmi wa sherehe hii ni mwenyekiti wa kamati, na wajumbe wote kumi na mmoja wamealikwa. Ukurasa wa nyuma wa programu hii ulitengwa kwa ratiba ya chakula. Ratiba nimeibandika kwenye mlango wa ukumbi, na penye ratiba nimeweka jedwali. Ni ile mistari yote ya "Mengineyo", miaka thelathini, tangu alipoambiwa aandike popote, imejumlishwa mwaka kwa mwaka: fimbo, samaki waliochukuliwa, samaki waliorudishwa. Imenichukua saa za chakula cha mchana za miezi mitatu, mtoto akiwa amelala kwenye sanduku namba nne, ambalo ndilo pana. Hakuna niliyemwomba idhini. Ikija barua ya kujieleza, nitaichapa mwenyewe, na safari hii sitakosea tarehe.

Mheshimiwa mwenyekiti, mpaka utakapofika wakati wa hotuba utakuwa umeshaigeuza karatasi. Sasa huwezi kusema hukuwa na takwimu. Bado wiki mbili, na kubadilisha yale maneno mawili kwenye barua, "bila kura", hakuhitaji hata nusu saa.

Kwa niaba ya chumba namba sita, banda la mizani na jikoni, Rula, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba samaki aliyerudishwa majini naye anaandikwa. Tunamshukuru mkeo kwa kukuvumilia, na kwa mikono yake ya kunyoa, ambayo tunamwomba asiitumie tena. Binti zako, tunawaomba radhi kwa Jumamosi zote tulizowanyang'anya.

Tunakutakia asubuhi za kuamka bila kengele. Tunakutakia magoti yasiyouma, bahari iliyotulia, na uzi usiokatika. Na tarehe 14 Julai, saa tatu asubuhi, ukumbi wa juu, mwenyekiti atakapowaambia wanaokubali wanyoshe mikono na wanaokataa wanyoshe mikono, tunakutakia kura.