Kamera Iliyofungwa Utepe

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa kliniki ya mkojo tunakupokea kwa mikono miwili. Hii ni mara ya tatu tunakuandalia mapokezi. Mara mbili za kwanza hukufika, nasi tulikunywa soda zako kwa unyenyekevu.

TULIKOTOKA

Kamera ya kuchungulia kibofu ililetwa miezi kumi na moja iliyopita. Ofisi yako iliagiza ifungwe utepe na isiguswe mpaka uizindue. Vumbi peke yake ndilo halikusoma agizo hilo.

MAFANIKIO

Kwa miezi kumi tuliwatibu watu kwa kubahatisha. Kila aliyekojoa kwa maumivu alipewa vidonge vilevile. Mama Mashuka, mfuaji wetu, alivimeza raundi saba. Mkojo wake ulikuwa na damu na usaha, lakini maabara wakiuotesha kutafuta vijidudu, hakioti kitu. Kila robo saa aliacha beseni akakimbilia chooni, na sisi, Mungu atusamehe, tulikuwa tukimtania.

CHANGAMOTO

Kifua kikuu hushika hata kibofu, na kibofu chenye ugonjwa huo na kibofu kilichovimba kwa sababu nyingine hulia kilio kimoja. Kinachovitofautisha ni kamera, na kipande kidogo cha nyama kinachonyofolewa humo kikapimwe. Hotuba haziwezi kazi hiyo.

Mwezi uliopita Mama Mashuka alisimama mbele ya kabati la kamera akatuuliza, "Hivi anayeumwa ni mimi au huo utepe?"

Daktari akaufungua. Kibofuni akakuta wekundu na vidonda, akachukua kipande, na majibu yakarudi: kifua kikuu. Mama ameanza dawa, na siku hizi anamaliza beseni zima bila kukimbia. Baada yake tumechungulia wengine tisa. Mmoja ana ugonjwa huohuo, wanane wana mengine, na kila mmoja sasa anatibiwa kinachomuuma.

MAOMBI

Tunaomba ukate utepe. Ukiona fundo limekaa upande, tuvumilie, tulilifunga upya kwa haraka. Anayekushikia mkasi ndiye Mama Mashuka.

Jana imefika barua kutoka ofisini kwako, ikimtaka daktari ajieleze kwa nini asisimamishwe kazi. Tunaomba barua hiyo nayo ifungwe utepe, isiguswe mpaka upate nafasi ya kuizindua.

Mungu akujalie afya, na siku kibofu chako kikiuma, kisisubiri mgeni rasmi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa kliniki ya mkojo, pamoja na mfuaji wetu.