Kilio Kilichopigiwa Ngoma

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, katika mji wa ugenini ambamo hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa. Kuna Kinyozi mwenyewe, anayetoka na kuingia na mashine mkononi. Spana, fundi wa lifti. Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi. Na Dobi, anayefua mashuka ya hospitali. Mimi husikiliza. Jumamosi hiyo redio ilikuwa ikipiga wimbo wa binti wa Dobi, ule unaochezwa mji mzima. Dobi alisema, “Zima.” Kinyozi akazima.

Dobi: Leo jioni anauimba jukwaani. Kanipa tiketi, kiti cha mbele.

Kinyozi: Heshima hiyo! Na sauti ya kwenye kiitikio si yako?

Dobi: Yangu. Ila sikuwa naimba. Ni siku niliyopigiwa simu kwamba mama hatunaye. Karatasi za kusafiri sina. Nikalia jikoni: “Mama, nani atanifungulia mlango?” Mtoto yuko chumbani, akanirekodi. Baadaye ananiambia, “Baba, sikujua una sauti nzuri hivi.”

Spana alijikaza, akashindwa, akacheka.

Spana: Nisamehe, ndugu yangu. Jana tu ndani ya lifti vijana walikuwa wanakata viuno na mlango wa mama yako.

Wakili: Kisheria, msiba ni mali ya marehemu. Bibi aandikwe mtunzi.

Spana: Mtunzi tu? Mji mzima umemlilia! Kuna marais wamezikwa hawakupata nusu yake. Wahenga walisema, kifo cha wengi harusi.

Dobi: Amekufa mmoja, Spana.

Spana: Ee, lakini wanaocheza ni wengi.

Kinyozi: Mimi nasema bibi mwenyewe ndiye kautuma. Kakosa mwana wa kumzika, kaja kujikusanyia waombolezaji huku huku.

Dobi aliweka kikombe chini. Kinyozi akaanza kupuliza nywele kwenye mashine, ingawa ilikuwa safi.

Wakili: Kosa ni la mtoto. Mwacha mila ni mtumwa!

Dobi: Mwanangu usimguse.

Mama mmoja, mgeni mjini, alikuwa amekaa pembeni akisubiri mwanawe anyolewe.

Mgeni: Samahanini, kaka zangu. Si amwambie tu binti maana yake, kabla ya jioni?

Dobi: Dada yangu, nimwambie kwa lugha gani? Yetu haijui. Ya wenyeji mimi ninayo ya kufulia tu: maji moto, maji baridi, doa limegoma.

Mgeni: Hamkumfundisha?

Dobi: Shuleni walisema tusimchanganye. Tukaona wanajua.

Mgeni: Sasa miaka yote hiyo, nyumbani mlikuwa mnaongea nini?

Kinyozi, mwenye watoto watatu, alirudi ndani kwa mteja wake.

Simu ya Dobi ikaita. Alikuwa binti yake. Dobi alisimama wima kama aliyeitwa ofisini, akajibu kwa lugha ya wenyeji: “Ndiyo. Ndiyo. Vizuri sana. Ndiyo.” Akakata.

“Kasemaje?” Spana aliuliza.

“Sijashika yote,” alisema Dobi. “Nadhani anataka nipande jukwaani, nilie naye.”