Mama Kucha na Mikono ya Kuazima

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza vidole, mikono na nyayo, Mama Kucha anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Karakana yetu ya viungo bandia haijawahi kuwa na wasiwasi kama wiki hii.

Alianza kwa kuchanganya silikoni, akahamia kwenye rangi, na huko ndiko alikopatia jina. Sisi wengine tulitosheka na kidole kinachofanana na kidole. Yeye alitaka kovu, mishipa, na vinyweleo alivyovipandikiza kimoja kimoja huku akitusengenya kwa zamu. Mwalimu mmoja aliwekewa naye doa la wino kwenye kidole cha kati, na mwalimu yule bado hujisahau akalisugua kwa sabuni.

Lakini kazi tunayoisimulia mpaka leo ni ya fundi wa kiwandani ambaye mashine ilimkata mikono yote miwili. Binti yake alikuwa anaolewa, naye baba ameapa kwamba hatatia mguu harusini mikono ya shati ikining'inia mitupu. Binti akasema bila baba hakuna harusi.

Anayepoteza mkono mmoja, tunaiga uliobaki. Anayepoteza yote, lazima jamaa amwazime yake tuichukue umbo. Aliyefanana na fundi mpaka vifundo vya vidole ni kaka yake, na hao walikuwa hawasalimiani tangu kaka auze redio ya marehemu baba yao bila kuuliza.

Mama Kucha hakumshauri mtu. Alimtuma binti amlete baba yake mkubwa, akamkalisha, akamzamisha mikono kwenye ndoo ya uji mzito unaoganda kufuata umbo la mkono. Kisha akamwita mdogo mtu aingie. Kaka alipotaka kuinuka, akakemewa: “Wewe tikisika tu, mdogo wako apate vidole vya tangawizi!”

Uji ule huganda kwa dakika chache. Siku hiyo Mama Kucha alidai haujaganda kwa karibu saa nzima, na sisi tuliojua tukajifanya hatujui. Wale wawili wakanuniana weee, mpaka pua ikamwasha kaka. Alivumilia, akakunja uso, mwisho akasema kwa unyonge, “Mdogo wangu, nikune basi.” Fundi akasita. Kisha akakitoa kigutu alichokuwa akikificha hata kwa mkewe, akainama, akamkuna kaka yake pua. Walicheka mpaka wakalia, nasi nyuma ya pazia tukalia pia, wala hatuoni aibu kusema.

Harusini alikwenda. Mikono ile haishiki kijiko, lakini ilivaa saa, na mmoja ulikaa begani kwa binti yake siku nzima. Picha ilipoletwa karakanani, ndugu wawili wamekumbatiana na mikono yote minne inaonekana, Mama Kucha alivaa miwani, akatuonyesha kwa majivuno mkono aliouchora vizuri kuliko yote maishani mwake.

Ulikuwa wa kaka, wa nyama na damu.

Mama Kucha, hatujawahi kumwona mtu akifurahia kosa kiasi kile. Asante kwa kazi, kwa umbea na kwa moyo wako. Nenda ukalale mpaka jua lichoke kukusubiri, uwadekeze wajukuu, na afya isikuache hata siku moja.