Miaka Thelathini na Mmoja Mbele ya Kiti cha Mzee

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kesi za biashara na rufaa, wakili wetu mwandamizi, Dada Kurasa, atastaafu rasmi. Jina hilo alipewa na makarani, na wapo wateja wasiojua kwamba ana jingine.

Alianza kazi chini ya mwasisi wa ofisi hii, ambaye kila mtu alimwita Mzee. Katika mwaka wake wa pili, rufaa waliyoiandaa pamoja ilifutwa hata kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa kitabu cha rufaa, chenye nyaraka zote za kesi, kilikosa ukurasa mmoja. Mzee alirudi kutoka mahakamani, akaketi kwenye kiti chake, na hakuinuka tena.

Tangu hapo hakuna kitabu kilichopelekwa masjala kabla Dada Kurasa hajahesabu kurasa zake kwa sauti, saa nne asubuhi, mbele ya kiti hicho kitupu. Penye kasoro, kiti hulia, kama vile aliyekikalia amejigeuza. Tulimtania sana. Tulimwambia mbao zikizeeka hulia, naye akacheka pamoja nasi, akaendelea kuhesabu. Hajawahi kufutiwa rufaa nyingine.

Mwaka wa kesi ya kiwanda cha sabuni, mimi kwa ujuaji wangu nilikipeleka kiti kwa seremala. Kama rufaa ile ingeanguka, kiwanda kingefungwa na watu mia mbili wangekosa kazi. Tulihesabu kurasa tukiwa watu watatu, zikatimia. Dada Kurasa akagoma kutia sahihi mpaka kiti kirudi. Kikarudi na gundi mpya, imara, hakitikisiki. Alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, kikalia. Ukurasa ulikuwepo, ila ulikuwa wa kesi nyingine. Sikumtania tena. Kiwanda kinafanya kazi hadi leo.

Majaji watamkumbuka kwa hoja fupi, makarani kwa kuwaulizia watoto wao mmoja mmoja. Shemeji yetu, mumewe, anasema hatimaye atakula na mke badala ya kula na jalada.

Amekuwa likizoni tangu mwanzo wa mwezi, nami nimehamia chumba chake cha kazi. Nakiri niliogopa kuachwa peke yangu na rufaa za watu. Jumanne, saa nne, nilihesabu kitabu changu cha kwanza bila yeye. Kiti cha Mzee kilikaa kimya. Kilicholia ni chake yeye, kile cha nyuma ya meza, ambacho kwa heshima sijakikalia bado. Papo hapo simu ikaita. Alikuwa nyumbani, anamwagilia maua, na aliuliza jambo moja tu: ukurasa gani? Nikakata simu.

Asante, Dada, kwa kutufundisha kuogopa panapostahili. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku nyingi za kukaa na wako. Na samahani kwa kukukatia simu. Ukurasa wenyewe ni wa themanini na nane. Haukuwa na muhuri, sasa unao.