Korongo wa Mguu Mmoja: Maisha ya Baba Yetu Fundi

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa Baba, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi. Wasifu huu ulikuwa usomwe na kaka yetu mkubwa, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Mama akakataa. Alisema utasomwa na kitinda mimba, kwa kuwa lipo jambo ambalo yeye peke yake anaweza kulieleza. Kitinda mimba ni mimi. Nitajitahidi kusoma kama wasifu unavyosomwa, nikijitaja kana kwamba ni mtu mwingine. Nikishindwa njiani, mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusagia nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa kinu, na mama yake alishona magunia. Shangazi yetu, ambaye sasa ndiye pekee aliyebaki kati ya wale watano, anasema marehemu alichelewa kusema hadi watu wakaanza kunong'ona. Alipofungua kinywa, neno lake la kwanza lilikuwa "ngoja". Shangazi hutia chumvi, lakini sisi tuliomjua Baba hatuna sababu ya kumbishia.

Aliandikishwa darasa la kwanza Januari 1959, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli. Hesabu alizimudu vizuri. Kuchora kulimshinda kabisa, na ng'ombe aliyemchora akiwa darasa la nne alibandikwa ukutani ili wenzake wajue ng'ombe asivyo. Akiwa darasa la sita alikamatwa akichonga ukingo wa dawati kwa wembe. Mwalimu mkuu akampa adhabu ya kutengeneza madawati yote ya darasa lake kwa wiki mbili. Alimaliza kwa siku nne, akaenda ofisini kuomba apewe na ya darasa la jirani. Alihitimu darasa la saba mwaka 1965.

Mwaka uliofuata alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa milango na madirisha, akakaa naye miaka tisa. Sheria ya kwanza ya karakana ile ilikuwa kwamba kabla hujagusa msumeno, tazama nyuzi za mbao zinaelekea wapi. Mbao ina nyuzi kama kitambaa. Kipande chembamba kikifuata nyuzi kina nguvu, lakini kikikatwa kwa kukingamana nazo huvunjika kama biskuti. Mwanafunzi aliyesahau sheria hiyo alinyang'anywa msumeno na kupewa ufagio kwa wiki nzima. Baadaye marehemu aliwafundisha wengine sheria hiyo hiyo, kwa ukali ule ule, na ufagio ule ule. Naomba mlikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Mama, ambaye wakati huo alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1976 akafungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la madaftari. Hakupenda milango, alipenda vitu vidogo. Mashine yake ya kwanza aliiunda kwa miguu ya cherehani ya Mama iliyokuwa imeharibika, akawa anaiendesha kwa pedali. Mama hadi leo anasema hajui kama aliposwa yeye au iliposwa cherehani. Msumeno wa mashine hiyo ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, umekazwa juu na chini, ukipanda na kushuka. Ili kukata katikati ya ubao alitoboa kwanza tundu kwa keekee, akaufungua msumeno upande wa juu, akaupitisha tunduni, akaukaza tena, ndipo akaanza. Ua lenye matundu arobaini lilitaka kufungua na kukaza mara arobaini.

Kwa namna hiyo alitengeneza saa za ukutani, majina ya milangoni, fremu za picha, wanyama wa kuchezea watoto, na picha za vipande vya kupanga ambazo kila nyumba ya mtaa huu imepoteza kipande kimoja. Yeye alikata, Mama akapiga msasa na vanishi. Hakuharakishwa na mtu. Kuna bibi harusi aliyepokea fremu ya picha ya harusi yake akiwa amembeba mtoto wa pili. Yuko hapa leo, na nimeona anacheka. Mteja akilalamika, marehemu alimjibu kwa neno lake la kwanza duniani.

Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Wa mwisho alizaliwa mwaka 1985, na huyo kalamu ilimkubali. Baba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinakili maua kutoka kwenye makopo ya biskuti, aliona amepata msaada. Kuanzia akiwa na miaka saba, mtoto huyo aliwekewa stuli ya kwake mwisho wa benchi. Akichora samaki, samaki alikatwa. Akichora paka aliyenuna, paka aliyenuna alitundikwa dirishani na kupata mwenyewe kabla ya jioni. Wateja wakiingia Baba aliwaambia kwamba bosi ni yule wa kwenye stuli, yeye anakata tu. Mtoto aliamini. Aliamini pia kwamba mkono wa baba yake haukosei.

Mwezi Juni 1994 mama mmoja mwenye duka la saa aliagiza pambo la saa kubwa ya ukutani. Kitinda mimba, akiwa na miaka tisa, alichora korongo. Alimchora kwa siku tatu, kutokana na korongo wa kweli aliyekuwa akisimama kwenye dimbwi la kiwanda cha matofali. Alimpa miguu miwili, mmoja wima na mwingine ukinyoosha hatua mbele. Mguu ule wa mbele ndio aliokuwa akiringia, kwa sababu ndio uliomfanya korongo aonekane anakwenda mahali.

Aliporudi kutoka shule siku ya nne alimkuta korongo amekwisha kukatwa, ana mguu mmoja. Mama wa saa alikuwa amemshika, anamsifu. Mchoro wenyewe ulikuwa umetundikwa msumarini, na mguu wa mbele ulikuwa umefutwa kwa raba. Mtoto akauliza mguu mwingine uko wapi. Baba hakuinua kichwa.

"Amekunja," alisema.

Mteja akacheka. Mtoto alikusanya penseli zake, akaenda nazo nyumbani, na tangu siku hiyo hakumchorea tena baba yake.

Msifikiri kulikuwa na ugomvi. Tuliamkiana, tulikula pamoja, tulitaniana. Baba akiomba mchoro, alijibiwa kwamba kuna mitihani, kisha kuna chuo, kisha kuna kazi. Baba alijitia hamnazo na kitinda mimba akajitia hana kinyongo. Wakati huo huo watu walikuja mmoja mmoja wakitaka korongo kama yule wa dukani. Alikatwa mwaka hadi mwaka, yuko sebuleni kwenu, yuko kwenye ukumbi wa benki, yuko hata kwenye mlango wa kliniki ya wajawazito. Jina la marehemu likasahaulika, akawa Fundi Korongo. Kila nilipolisikia jina hilo nilibadilisha mazungumzo, kwa sababu nilijua tu kwamba baba yangu alifuta kazi yangu ili kumpendeza mteja. Mnaona nimeshindwa kujitaja kama mtu mwingine. Nilisomea kuchora ramani za majengo, na kwa miaka kumi na mitano nimewachorea watu nisiowajua ngazi zao, madirisha yao na vyoo vyao. Baba yangu sikumchorea hata jani.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2019. Daktari alisema ni vumbi la mbao lililokaa kifuani, akamwambia aache kazi. Aliacha kwa siku kumi na moja. Kisha akajifunga kitambaa usoni, akarudi kwenye benchi, akimwambia Mama anakwenda kufagia tu. Mwezi Mei mwaka huu alilazwa hospitali kwa wiki tatu, na aliporudi hakuweza tena kutembea hadi karakana bila kushikiliwa.

Jumapili tarehe 1 Oktoba nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, ameegemea mito. Mama alikuwa jikoni. Tulizungumza habari za mvua na za wajukuu.

"Yule korongo ulimchora na miguu miwili," alisema.

"Najua, Baba. Si nilimchora mimi."

"Sikuufuta. Yaani, niliufuta baadaye. Kwanza niliuvunja."

Ndipo akanieleza. Siku ile alibaki na ubao mmoja mwembamba, na ili korongo aenee alibandika nakala ya mchoro wangu kwa kuilaza mshazari. Mguu ule ulionyoosha hatua ukawa umekingamana na nyuzi za mbao. Aliuona mstari, akajua, akasema moyoni mwake kwamba mkono wake ni mwepesi, utapita. Ukakatika alipokuwa akigeuza kona ya mwisho. Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mama wa saa alikuwa tayari mlangoni. Alipofurahia korongo kama alivyo, Baba akaufuta mguu kwenye mchoro ili pasiwe na ushahidi.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa unaniona mimi sikosei."

"Baba, mimi nilidhani uliona mchoro wangu haufai."

Nadhani hakuwahi kufikiria hivyo hata siku moja. Yeye kwa miaka ishirini na tisa aliamini nilimsusa kwa sababu nilishajua kwamba amevunja, na kwamba fundi aliyevunja hanifai. Kila mmoja wetu aliona aibu ya kwake tu. Nililia, na yeye akajifuta macho kwa kitambaa cha kuzuia vumbi, ambacho bado alikuwa anakivaa shingoni.

"Nichoree tena," alisema. "Safari hii nitalaza vizuri."

Nilimwambia nitakuja Jumamosi na penseli. Jumamosi ilipofika kulikuwa na ramani ya jengo la watu, ilitakiwa Jumatatu. Nikapiga simu, nikasema, Baba, Jumamosi ijayo, tarehe 14, bila kukosa. Alijibu, "Ngoja yangu umeirithi wewe." Tulicheka wote wawili. Nilikata simu nikiwa nimefurahi, na furaha hiyo ndiyo inayonichoma leo kuliko kitu kingine chochote. Mchoro ule kwangu sasa ni kazi ya saa mbili, wapendwa. Ningeuchora Jumapili ile ile, pale pale dirishani, kwa kalamu ya Mama ya kuandikia orodha ya sokoni.

Baba yetu alifariki dunia Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Baada ya hapo Mama alinipeleka karakana. Alinieleza kwamba siku mbili kabla ya kifo, Jumanne, Baba alimlazimisha amshike mkono hadi kwenye benchi. Alipekua mbao zake zote akatoa moja, akaigeuza mara tatu kwenye mwanga wa mlango, hadi aliporidhika kwamba nyuzi zinasimama wima. Akabandika juu yake karatasi nyeupe. Kisha akachukua keekee, akatoboa tundu moja dogo, tundu la jicho. Karatasi haikuwa na mstari hata mmoja, lakini korongo yule alishamkata mara nyingi kiasi kwamba alijua jicho lake litakaa wapi. Alipumzika kidogo, akamwambia Mama wanaweza kurudi, kazi ya mchoraji ndiyo iliyobaki.

Nilichora jana Jumapili mchana, nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu, ambayo hakuwahi kuiondoa. Nilianzia kwenye jicho. Miguu yote miwili ipo, na hata ule wa hatua unafuata nyuzi, kwa kuwa nimeuchora kwa mshazari mdogo sana. Kaka amependekeza tumtafute fundi mwingine amkate. Mama amesema hapana, na mimi nimesema hapana. Ubao huo uko kwenye meza hapo mbele, na mtakapopita kumuaga Baba mtauona. Nimechelewa siku tatu.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Ameacha mashine yenye miguu ya cherehani. Ameacha na korongo wengi katika nyumba zenu, kila mmoja akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mkirudi nyumbani mkamwona wa kwenu ukutani, msiwaambie watoto kwamba amekunja. Waambieni mguu wa pili ulikuwepo, na kwamba aliyeuvunja alikuwa fundi mzuri.

Baba, ipumzike mikono yako, na moyo wako nao upumzike.