Mama Mizani na Ndoo Mbili Zilizomwagwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima kile ambacho wengine hukimbia hata kukitazama, muuguzi wetu mkuu, Mama Mizani, anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Anayeandika ni msafishaji wa wadi, aliyewahi kubeba friji ya maabara mgongoni hadi ghorofa ya tatu, ikiwa imejaa. Asiyeamini aiulize ngazi.

Jaribio lake kubwa mnalikumbuka. Watu arobaini wazima, kwa hiari zao, walikunywa unga wa kingamwili uliotokana na maziwa ya ng'ombe waliochanjwa, kisha wakanywa bakteria wa kuhara, tuone kama unga unakinga. Ila nusu yao walipewa unga mtupu, usio na kingamwili. Nani kapata upi, hakuna aliyejua. Siri ilifungwa kwenye bahasha. Kila ndoo ya choo ilipimwa kabla ya kumwagwa, maana uzito ukifika kiwango, mtu anaanzishiwa dawa papo hapo.

Mmoja wao alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada. Siku ya tatu tumbo likamwendesha kuliko gari la zimamoto. Akaona aibu, akaomba mjomba wake amsitiri. Kwa huruma ya kijinga nikamwaga ndoo mbili bila kupima. Daftari likasema hajambo, huku macho yanadidimia.

Mama Mizani alipopita akamfinya ngozi ya tumbo. Haikurudi upesi, dalili ya mwili kukaukiwa maji. Akanigeukia taratibu: "Mjomba, ndoo ziko wapi?"

Mimi ninayejibu hata nisiyoulizwa, hili niliulizwa nikalijibu kwa kifupi. Nilisema kweli: nimezimwaga. Hakunigombeza. Alimwita daktari, dripu ikatundikwa, dawa ikaanza. Kosa akaliandika, jina lake juu ya langu, kwa kuwa zamu ilikuwa yake.

Saa nne nzima tulisubiri mkojo, ndio ujulishe kuwa maji yamemrudia mwilini. Nilimsihi afungue bahasha, angalau nijue kijana kanywa nini.

"Bahasha haitibu," alisema. "Shika kikombe, mnyweshe."

Mkojo ulipotoka, nililia. Yeye aliupima kwanza, ndipo akaketi.

Miezi baadaye bahasha zikafunguliwa: mpwa wangu alikunywa unga mtupu. Waliokunywa wenye kingamwili, wengi hawakuhara kabisa. Matokeo yale yalisimama kwa sababu mama huyu hakuficha hata ndoo mbili.

Mama, asante kwa mtoto wa dada yangu. Tangu siku ile simwagi hata maji ya kupigia deki kabla sijayatupia jicho kwenye mizani. Nenda kapumzike, sote wa wadi hii tunakuombea siku nyingi, nzuri, zisizohitaji kupimwa.