Vidole vya Nohemy

Sogeeni, wanangu, msinifanye nipaze sauti, maana pumzi iliyobaki ni kidogo na sitaki kuimalizia kwenye salamu. Ovidio, zima hiyo televisheni. Nohemy, nyamaza kwanza, nafasi ya kulia utaipata.

Kiwanja cha Chalatenango, kule kwetu tulikotoka, ni chenu wawili, na shangazi yenu asitolewe humo mpaka afe. Vifaa vyangu vya uashi chukua Ovidio, ingawa hata mwiko hujui kuushika. Hayo yameisha, sasa tuongee la Ijumaa.

Nohemy, mama, kibali chako cha kazi kimekwisha, na maombi mapya yamelala kwa watu wa uhamiaji tangu kimbunga kilipoipiga Houston hapa. Kila ukiuliza, wanakujibu yanashughulikiwa. Ijumaa wamekuita uchukuliwe alama za vidole. Usipotokea watasema umeyaacha mwenyewe, na hifadhi hii ya muda waliyotupa baada ya lile tetemeko la kwetu itakuponyoka. Nawajua. Mimi saruji ilinila vidole mpaka mashine yao ikanikataa, na kijana wao akanicheka, "Mzee, vidole umeviacha wapi?" Nikamwambia, "Kwenye kuta zenu." Kicheko kikamkauka, lakini hakunisaidia, wakanirudisha, wakaniita, wakanirudisha tena, hadi kibali kikaisha na bosi akanifukuza. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi nikifa kabla ya Ijumaa, msiahirishe kitu. Najua kwetu mtoto hatoki nyumbani baba yake akiwa amelazwa sebuleni, na akina mama wa kanisani watasema tazama binti asiye na haya, baba hajapoa yeye kashika njia. Waache waseme. Ovidio, wape kahawa na mkate, kisha umpeleke dada yako. Na utakaponisindikiza kunilaza kando ya mama yenu kule Chalatenango, nenda peke yako, wewe uliyezaliwa hapa. Nohemy asipande ndege hiyo. Akitoka bila ruhusa yao hatarudi, na wanawe wako shuleni hapa. Karatasi zangu msihofu, maiti hawaichelewishi, ubalozi unaigongea muhuri upesi. Ningejua ningekufa mapema. Cheka basi, Ovidio.

Maji... Asante.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Nohemy, umeapa kuniosha kwa mikono yako, kwa sababu mama yako alizikwa bila wewe, ukingoja ruhusa ya safari iliyokuja kaburi limeshaota nyasi. Nakukataza. Dawa za kusafishia vyoo vya hoteli zimekwisha kukuchubua vidole, ukiongeza na sabuni yangu mashine haitakusoma. Ataniosha Ovidio. Wewe kaa kando, jipake mafuta.

Usinibishie, mwanangu, sina nguvu.

Lete mikono. Yote miwili. Mungu aibariki... kidole kimoja kimoja... aiponye, iwalishe wanao. Wewe pia, Ovidio, Mungu akutunze, umtunze dada yako...

Ijumaa, mama. Asubuhi. Usichelewe kwa ajili yangu.